Barcelona na ukomo wa mishahara: Kwa nini kumsaini mchezaji si kumsajili

Agosti 2024 kiungo Dani Olmo alitua Barcelona akitokea RB Leipzig ya Ujerumani. Alikuwa na mkataba wa miaka sita mfukoni, na mwezi mmoja tu kabla alikuwa ametwaa ubingwa wa Ulaya akiwa na Hispania. Hata hivyo mechi mbili za kwanza za ligi alizitazama kama shabiki. Klabu ilikuwa imemnunua, lakini ligi ilikuwa haijamwandikisha. Alipopata ruhusa, katika mechi ya tatu dhidi ya Rayo Vallecano, aliingia kipindi cha pili na kufunga bao la ushindi.

Wasikilizaji wetu wengi hutuuliza swali hilohilo kila dirisha la usajili linapofunguliwa: klabu kubwa kama Barcelona inakosaje nafasi ya kumwandikisha mchezaji iliyemnunua kwa fedha zake? Hapa tunajaribu kulijibu hatua kwa hatua.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha mpira tunasema klabu "imemsajili" mchezaji pale tu anapotia saini. Kwa Hispania hayo ni mambo mawili. Kutia saini ni makubaliano ya klabu na mchezaji. Kusajiliwa ni ligi kukubali jina lake liingie kwenye kikosi. Katikati ya hayo mawili pamekaa mizani, na mizani hiyo ndiyo inayoitwa ukomo wa mishahara.

Kanuni ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye madeni. Agosti 2011 raundi ya kwanza ya ligi ya Hispania haikuchezwa kwa sababu wachezaji waligoma. Chama chao kilisema wachezaji zaidi ya 200 walikuwa wanadai mishahara ya jumla ya karibu euro milioni 50. Klabu zilikuwa zinanunua wachezaji wapya huku zile za zamani zikiwa hazijalipwa, na mamlaka ya kodi nayo ilikuwa kwenye foleni ya wadai.

Kuanzia mwaka 2013, chini ya rais wake Javier Tebas, La Liga ilianza kuzipima klabu kabla ya kutumia. Zamani klabu ilitumia kwanza, ikashindwa kulipa, ndipo kesi ikafunguliwa. Sasa ligi inasema mapema: kwa mapato yenu ya msimu huu, kikosi chenu kisizidi gharama hii.

Hesabu inapigwaje?

Fikiria mkulima anayepanga msimu. Anakadiria mavuno yatamwingizia kiasi gani. Anatoa ada za watoto na matumizi ya nyumbani. Anatoa deni la pembejeo la msimu uliopita. Kinachobaki ndicho anachoweza kuwalipa vibarua. Akiajiri zaidi ya hapo, atakuwa anawalipa vibarua kwa fedha ya mtu mwingine.

La Liga hufanya vivyo hivyo. Huchukua mapato ambayo klabu inatarajia: tiketi, televisheni, wadhamini, jezi, mauzo ya wachezaji. Hutoa gharama zisizo za kikosi, kama uendeshaji wa ofisi na uwanja. Hutoa pia madeni yanayopaswa kulipwa mwaka huo. Kinachobaki ndicho ukomo.

Ndani ya ukomo huo hauingii mshahara peke yake. Zinaingia bonasi, michango ya hifadhi ya jamii, na pia ada ya uhamisho iliyogawanywa kwa miaka ya mkataba. Mwaka 2019 Barcelona ilimnunua Antoine Griezmann kwa euro milioni 120 kwa mkataba wa miaka mitano. Kwenye vitabu, hiyo ni milioni 24 kila mwaka, kabla hujahesabu hata senti ya mshahara wake. Kwa kulinganisha, euro milioni moja ni karibu shilingi bilioni tatu za Tanzania.

Ndiyo maana mchezaji ambaye shabiki anamwona "ameshanunuliwa zamani" bado anaila bajeti ya leo. Na ndiyo maana mchezaji wa bure si wa bure: hana ada ya uhamisho, lakini mshahara wake unakwenda kwenye mizani.

Ikumbukwe pia kwamba ukomo huu si sawa kwa wote. Septemba 2025 La Liga ilitangaza kuwa Real Madrid ina ukomo wa takriban euro milioni 761, na Barcelona takriban milioni 351. Klabu ndogo huwa na makumi ya milioni tu. Kanuni hii haikuletwa ili kumpunguza mkubwa amlingane mdogo. Ililetwa ili kila mmoja ale kwa urefu wa kamba yake.

Barcelona ilifikaje ukingoni?

Mwaka 2017 Barcelona ilimuuza Neymar kwa Paris Saint-Germain kwa euro milioni 222. Fedha ilipoingia, ilitoka haraka. Ousmane Dembélé alinunuliwa kwa milioni 105 pamoja na nyongeza, Philippe Coutinho kwa milioni 120 pamoja na nyongeza, kisha akaja Griezmann. Mishahara ilipanda pamoja na ada hizo. Kwa muda mapato yalikuwa makubwa kiasi cha kuficha uzito wa mzigo.

Kisha ikaja korona. Uwanja wa Camp Nou ukafungwa, makumbusho ya klabu yakafungwa, watalii wakatoweka. Mapato yalishuka lakini mikataba haikushuka. Oktoba 2020 wachezaji kadhaa, akiwemo Gerard Piqué na Frenkie de Jong, walisaini mikataba mirefu zaidi iliyosogeza mbele sehemu ya mishahara yao. Kwa mwaka ule ilionekana ni nafuu. Ukweli ni kwamba deni lilikuwa limepewa tarehe nyingine.

Msimu wa 2020/21 klabu ilipata hasara ya euro milioni 481. Rais mpya, Joan Laporta, aliyechaguliwa Machi 2021, alitangaza kuwa madeni ya klabu yamefikia euro bilioni 1.35. Ukomo wake uliokuwa milioni 671 msimu wa 2019/20 uliporomoka hadi karibu milioni 98 ulipotangazwa Septemba 2021. Miezi michache baadaye, mapema mwaka 2022, ulikuwa chini ya sifuri: hasi milioni 144. Kwa lugha ya mkulima, deni la nyuma lilikuwa kubwa kuliko mavuno yote ya mbele.

Messi alikubali kupunguziwa. Kwa nini aliondoka?

Hili bado linawauma mashabiki wengi, na bado linaelezwa vibaya.

Mkataba wa Lionel Messi uliisha tarehe 30 Juni 2021. Tangu siku iliyofuata, mbele ya ligi, alikuwa mchezaji mpya kama mgeni mwingine yeyote. Miaka yote aliyokaa Barcelona haikuwa na uzito kwenye mizani. Alikubali mkataba mpya wa miaka mitano kwa nusu ya mshahara wake wa zamani. Lakini Laporta mwenyewe alisema kuwa pamoja na Messi mishahara ingekuwa asilimia 110 ya mapato ya klabu, na bila yeye bado ilikuwa asilimia 95.

Hapo ndipo ilipokuja kanuni ngumu zaidi. Klabu iliyovuka ukomo wake hairuhusiwi kutumia kila inachookoa. Wakati ule iliruhusiwa kutumia euro moja kwa kila nne ilizookoa. Yaani ukimwondoa mchezaji anayekugharimu milioni 20, unapata nafasi ya milioni tano tu. Zilizobaki zinakwenda kukuvuta urudi ndani ya mstari. Ili kumpata Messi hata kwa nusu bei, Barcelona ingebidi iwaondoe wachezaji wengi wenye mishahara minono, na wenye mishahara minono hawakuwa na haraka ya kuondoka.

Tarehe 5 Agosti 2021 klabu ilitangaza kuwa Messi hataendelea. Siku chache baadaye alikuwa Paris. Wiki hiyohiyo Piqué alikubali kukatwa mshahara, na nafasi iliyopatikana ndiyo iliyowezesha Memphis Depay na Eric García kuandikishwa kabla ya mechi ya kwanza. Baadaye Sergio Busquets na Jordi Alba nao walipunguza. Siku ya mwisho ya dirisha Griezmann alirudi Atlético Madrid kwa mkopo.

Mwaka 2022: kuuza kahawa ikiwa bado ni maua

Wakulima wa kahawa wa Kagera wanalijua neno butura. Mtu ana shida ya fedha Januari, kahawa bado ni maua mtini. Anamwendea mwenye fedha, anamuuzia mavuno ambayo hayajakomaa, kwa bei ya chini. Ada ya mtoto inalipwa. Lakini msimu wa kuvuna ukifika, kahawa si yake.

Majira ya joto ya 2022 Barcelona ilifanya jambo la namna hiyo. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya mwaka wake wa fedha, iliiuzia kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Sixth Street, asilimia 10 ya mapato yake ya televisheni ya La Liga kwa miaka 25. Mwezi uliofuata iliongeza asilimia 15. Kwa hiyo robo nzima ya fedha hizo za televisheni imeshauzwa kwa robo karne. Kisha iliuza karibu nusu ya kampuni yake ya video na maudhui, Barça Studios, kwa makubaliano ya euro milioni 200.

Klabu iliyaita mauzo hayo "mitambo ya kuinulia uchumi". Na kweli kwenye vitabu mizani iliinuka. Ukomo ulirudi hadi euro milioni 656 Septemba 2022, kutoka hasi miezi michache nyuma. Waliletwa Robert Lewandowski, Raphinha na Jules Koundé, ingawa Koundé naye alisubiri hadi mwisho wa Agosti ndipo akaandikishwa. Msimu huo Barcelona ilitwaa ubingwa wa Hispania.

Je, ulikuwa uamuzi mbaya? Tuwe waadilifu. Klabu ya mpira isiyoshinda hupoteza wadhamini na watazamaji, na hapo mapato hushuka zaidi. Laporta aliamini kuwa bila timu nzuri klabu ingezama polepole. Lakini mavuno yaliyouzwa huhesabiwa mara moja tu. Septemba 2023, mwaka mmoja baadaye, ukomo ulikuwa umerudi chini hadi milioni 270. Kikosi kilibaki, mikataba ikabaki, na fedha iliyoinua mizani ilikuwa imeshatumika.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Barcelona haina tajiri mmoja anayeimiliki. Ni mali ya wanachama wake, kwa asili kama zilivyoanzishwa Simba na Yanga. Mwanachama wa Barcelona anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima bado robo ya fedha za televisheni inakwenda kwa mtu mwingine, na hakushiriki kupiga kura.

Nafasi ya majeruhi na mlango wa mahakama

Baada ya kuuza mali, njia nyingine zilitafutwa. Mojawapo ni majeruhi. Kanuni za La Liga zinasema mchezaji akiumia kwa muda mrefu, klabu inaweza kutumia sehemu ya gharama yake kumwandikisha mwingine kwa muda. Ndivyo Olmo alivyopata nafasi Agosti 2024: alichukua asilimia 80 ya nafasi ya beki Andreas Christensen aliyekuwa majeruhi. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na mwisho, tarehe 31 Desemba.

Tarehe hiyo ilipokaribia, klabu ilitangaza mapato mapya: haki za kutumia viti vya wageni maalumu katika Camp Nou inayojengwa upya, zilizouzwa kwa euro milioni 100. La Liga ilisema nyaraka hazikukamilika kwa wakati na majina ya Olmo na Pau Víctor yakafutwa. Kwa siku kadhaa mchezaji wa mamilioni hakuwa na timu ya kuchezea. Tarehe 8 Januari 2025 Baraza Kuu la Michezo la Hispania, chombo cha serikali, liliwaruhusu kucheza kwa muda, na Aprili likatoa uamuzi wa mwisho upande wa Barcelona. Kabla yao, Januari 2023, mahakama nayo ilikuwa imeiamuru ligi imwandikishe kijana Gavi.

Majira ya joto ya 2025 hadithi ya majeruhi ilileta mgogoro wa wazi. Kipa na nahodha Marc-André ter Stegen alifanyiwa upasuaji wa mgongo na akasema atakuwa nje takriban miezi mitatu. Klabu ilihitaji jeraha hilo litambuliwe kuwa la muda mrefu zaidi ili ipate nafasi ya kumwandikisha kipa mpya, Joan García. Ter Stegen hakutia saini idhini ya kupeleka taarifa zake za matibabu kwa ligi. Alivuliwa unahodha. Siku iliyofuata alikubali, na akarudishiwa kitambaa chake.

Hapo ndipo tunapoona hesabu za ofisini zinavyomfikia mtu. Mgongo wa mchezaji uligeuka kuwa mstari kwenye bajeti. Mwili ni wake, siri ya ugonjwa wake ni yake, lakini mwenzake aliyesaini mkataba halali alikuwa anasubiri mlangoni. Klabu iliyojipanga vizuri isingewaweka wawili hao kwenye mzani mmoja.

Wengine wanafanyaje?

Katika ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ukomo ni namba moja kwa timu zote 32. Mwaka 2025 ulikuwa dola milioni 279.2. Lengo lao ni usawa, ili timu ya mji mdogo iweze kushindana na ya mji mkubwa. Huko nako mameneja hutumia mapumziko ya msimu kusukuma mishahara mbele: mshahara wa mwaka huu hugeuzwa bonasi inayogawanywa kwa miaka inayofuata. Siku ya kulipa hufika. Mwaka 2024 Denver Broncos ilimwachilia Russell Wilson na ikabaki na mzigo wa dola milioni 85 kwenye ukomo wake, umegawanywa kwa miaka miwili, kwa mchezaji ambaye hayupo tena.

Shirikisho la Ulaya, UEFA, nalo sasa linazitaka klabu zinazocheza mashindano yake zisitumie zaidi ya asilimia 70 ya mapato kwa kikosi. Lilianza na asilimia 90, likashusha hadi 80, kisha 70, ili klabu zizoee.

Kwetu kengele ambayo mashabiki wameizoea hulia nyuma ya tukio. Mchezaji hukosa haki yake, hushtaki FIFA, na klabu hufungiwa kusajili hadi ilipe. La Liga huipiga kengele kabla. Inaudhi, lakini mchezaji wa kawaida wa klabu ndogo ya Hispania leo ana uhakika wa mshahara kuliko yule aliyegoma mwaka 2011.

Je, kanuni hii ni ya haki?

Wanaoipinga wana hoja. Inamkandamiza aliyeanguka asisimame haraka. Inaacha pengo kubwa kati ya Real Madrid na wengine. Na klabu za Uingereza, zenye fedha nyingi zaidi za televisheni, hununua wachezaji ambao klabu za Hispania hazithubutu hata kuwaulizia.

Lakini tazama pia kilichotokea Barcelona ilipobanwa. Kwa kuwa haikuweza kuandikisha wageni kila ilipotaka, iliwageukia watoto wake. Lamine Yamal alicheza mechi ya kwanza ya ligi Aprili 2023 akiwa na miaka 15. Pau Cubarsí, Alejandro Balde, Gavi na Fermín López wametoka katika chuo cha klabu. Hawa hawana ada ya uhamisho inayogawanywa kwenye vitabu. Msimu wa 2024/25 Barcelona ilitwaa ubingwa wa Hispania vijana hao wakiwa nguzo. Mali iliyokuwa nyumbani muda wote iliokoa zaidi ya ile iliyokopwa.

Hata hivyo hao nao wanakua. Kijana anayecheza vizuri huomba mshahara wa mtu mzima, na ana haki. Hapo mizani itapima tena.

Mambo ya kutazama dirisha lijalo

Ukisikia kwenye redio au simu yako kuwa Barcelona imemsaini nyota, jiulize maswali manne kabla hujashangilia.

Kwanza, ni nani ameondoka, na alikuwa anagharimu kiasi gani? Nafasi haiji bila mtu kutoka, kupunguziwa mshahara au mapato mapya kuingia.

Pili, klabu iko ndani ya ukomo au nje? Ikiwa ndani, euro moja inayookolewa inatumika yote. Ikiwa nje, inatumika sehemu tu.

Tatu, fedha mpya imetoka wapi? Ikitoka kwenye tiketi, jezi na wadhamini, itarudi mwakani. Ikitoka kwenye kuuza mali au haki za miaka ijayo, haitarudi.

Nne, ruhusa ya mchezaji inaishia lini? Aliyeandikishwa kwa nafasi ya majeruhi ameazima kiti, na mwenye kiti akipona atakitaka.

La Liga hutangaza ukomo wa kila klabu baada ya madirisha kufungwa, Septemba na tena mapema mwaka unaofuata. Namba hizo hazina chenga wala bao, lakini zitakuambia mapema ni nani atakayecheza Agosti na ni nani atakayekaa jukwaani akiwa na mkataba wake mkononi.